Leseni Kwanza, Viza Baadaye



Wauguzi, na ninyi wanangu mnaomaliza mwaka huu, nimeombwa nizungumzie kazi hewa za ughaibuni. Kwanza niwatoe wasiwasi: sikuja kuwazuia kuondoka. Mtu aliyesoma miaka mitatu au minne, akapata leseni, kisha akajitolea wodini mwaka mzima kwa nauli tu, ana haki ya kutafuta riziki anakoiona. Majirani zetu wa Kenya wameipigia kelele hali hii kuliko sisi. Madaktari wao waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakafuatia mwaka 2017 kwa karibu miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakarudi barabarani siku 56, na safari hiyo kiini kikubwa cha mzozo kilikuwa malipo ya madaktari walio kwenye mafunzo ya vitendo: shilingi 206,000 kwa mwezi za makubaliano ya 2017, au 70,000 ambazo serikali ilisema ndizo inazomudu. Kwetu kelele ni chache, lakini nani humu hana mwenzake waliyehitimu naye ambaye kila tangazo la ajira likitoka anaomba, na kila orodha ikitoka jina lake halimo? Tapeli anaisoma hali hiyo kama sisi tunavyosoma chati ya joto. Anajua mwezi gani matokeo ya leseni hutoka. Anajua lini orodha za ajira hutangazwa. Ndiyo maana meseji zake huingia wiki ileile ambayo umekata tamaa.

Semina nyingi za aina hii huishia kwenye ushauri mmoja: tazama Kiingereza kibovu, tazama nembo iliyofifia, tazama anwani ya Gmail. Ushauri huo ulifaa zamani. Siku hizi tapeli anaandikiwa barua na akili mnemba, na Kiingereza chake kimenyooka kuliko cha ofisi halisi ya hospitali. Nembo ameichukua kwenye tovuti yenyewe. Jina la meneja wa ajira ni la mtu wa kweli, anayefanya kazi pale kweli, asiye na habari kwamba jina lake linatembea WhatsApp. Ukikaa kuikagua barua utashindwa, maana barua ndiyo kazi yake na anaifanya kila siku, wewe unaipokea mara moja katika maisha. Mimi nawaomba muiweke barua pembeni, mkague njia.

Njia ya mtaalamu wa afya kwenda kufanya kazi nchi nyingine ina mpangilio, na mpangilio huo hautokani na upendeleo wa mtu. Kazi yetu ni ya leseni. Hospitali haiwezi kumkabidhi mgonjwa muuguzi ambaye baraza la nchi ile halijamtambua. Kwa hiyo jambo la baraza linatangulia: vyeti vyako vinahakikiwa, unapimwa lugha, unafanya mtihani wa taaluma. Mwajiri anakuja pamoja na hayo au baada yake, na viza inafuata mwishoni kwa sababu inategemea hayo yote. Tapeli anaugeuza mpangilio huo kichwa chini miguu juu. Kwake kazi imeshapatikana, viza iko jikoni, linalosubiriwa ni malipo ya wiki hii, na mambo ya leseni "utayamalizia ukishafika". Ukisikia maneno hayo, huna haja ya kutafuta kosa jingine.

Ninyi mna faida ambayo dereva au fundi ujenzi hana. Mmefundishwa kutoamini agizo la dawa lililokuja kwa simu mpaka mlirudie kwa sauti, mmuulize aliyeagiza jina, mhakiki mgonjwa, dawa, kipimo, njia na muda. Hakuna muuguzi hapa atakayechoma sindano kwa sababu mtu asiyemjua amemwambia wahi, mgonjwa anakufa. Sasa inakuwaje muuguzi huyohuyo anatuma milioni tatu kwa sababu mtu asiyemjua amemwambia wahi, nafasi zinaisha?

Tuanze na Uingereza, ambako wengi wenu bado mnakuita kwa Malkia ingawa Malkia mwenyewe alifariki mwaka 2022.

Muuguzi anayekwenda kule anapita kwa baraza lao, Nursing and Midwifery Council, ambalo wote huliita NMC. Anafungua akaunti mwenyewe kwenye tovuti yao, kwa barua pepe yake na nywila yake. Baraza la nyumbani, kwetu Baraza la Uuguzi na Ukunga, linathibitisha usajili wake kwa NMC moja kwa moja, si kwa kupitia mkoba wa mtu. Anafanya mtihani wa Kiingereza, IELTS au OET. Anafanya mtihani wa nadharia wa kompyuta katika kituo cha Pearson VUE. Kisha upo mtihani wa vitendo, OSCE, ambao hufanyika Uingereza kwenyewe. Kwa viwango vya mwaka 2024, NMC ilikuwa ikitoza pauni 140 za kupitia maombi, 83 za mtihani wa kompyuta, 794 za OSCE na 153 za usajili. Jumla pauni 1,170, na hospitali nyingi za NHS, huduma ya afya ya umma ya kule, hulipa au kurudisha sehemu kubwa ya fedha hizo kwa muuguzi waliyemwajiri. Nimewatajia moja moja makusudi, kwa sababu tapeli huishi ndani ya zile gharama ambazo hatuzijui. Viwango hubadilika; mtakavyovikuta kwenye tovuti ya NMC siku mnayoomba ndivyo vya kufuata, si vile vilivyoandikwa kwenye bango la Facebook.

Hapo kwenye Kiingereza ndipo wengi hukwama, na panapokwama watu biashara huota. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wataalamu wa afya. Muda mfupi baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10 tu. Watu walicheka sana mitandaoni. Mimi sikuona la kuchekesha. Alama 7 za IELTS, na 6.5 kwenye kuandika, si lelemama hata kwa aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Lakini takwimu ile iliwapa matapeli soko: mara matangazo ya "IELTS bila kufanya mtihani" yakajaa. Cheti cha kununua hakiendi popote, kwa kuwa matokeo huhakikiwa kwa wenyewe waliotoa mtihani. Utakuwa umelipia karatasi, na juu yake umejiandikia kosa la kughushi ambalo baraza la nyumbani pia litalisikia.

Njia za mkato zina deni ambalo hulipwa na wengine pia. Mwaka 2023 NMC ilitangaza kuwa matokeo ya kituo kimoja cha mtihani mjini Ibadan, Nigeria, yalitia shaka: watu walimaliza mtihani kwa kasi isiyo ya kawaida, ikashukiwa kwamba wapo waliofanyiwa na watu wengine. Kila aliyefanyia mtihani pale akatakiwa kuurudia, pamoja na wale walioketi wakatokwa jasho lao halali. Mwaka huohuo huko Florida, Marekani, wapelelezi wa shirikisho walifichua shule za uuguzi zilizouza stashahada zaidi ya 7,600 za bandia. Oparesheni yenyewe waliipa jina la Nightingale. Tangu hapo kila mwenye cheti kutoka shule zile, awe alisoma au alinunua, amekuwa wa kutiliwa shaka.

Sasa kuna jambo moja la Uingereza ambalo kila mmoja akilijua, nusu ya mabango ya mitaani yatakosa wateja. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri wataalamu wa afya kimataifa, na hutoa orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa ambazo hazifai kuvuliwa wafanyakazi. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda, Burundi, Kongo na Komoro zimo. Uingereza imeziweka nchi hizo kwenye orodha yake nyekundu: mwajiri au wakala haruhusiwi kuja kuwafuata wauguzi wa huko. Wewe binafsi hujakatazwa. Unaweza kuona nafasi kwenye tovuti ya ajira ya NHS ukaomba mwenyewe, ukasailiwa, ukapata. Kisichoruhusiwa ni mtu kuja Dodoma au Mwanza, akakodi ukumbi wa hoteli, akasema ametumwa na NHS kukusanya wauguzi 200. Kenya haimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, ila Uingereza iliiweka kwenye daraja la njano: kuajiri kunapita kwenye makubaliano ya serikali mbili. Kwa hiyo mtu wa ukumbini, hata akiwa na suti nzuri na bango la kukunja, ama hajui kanuni za nchi anayodai kumtuma, ama anazijua vizuri sana.

Kuhusu fedha, sheria ya Uingereza ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Hati ya udhamini, ile inayoitwa Certificate of Sponsorship, si cheti cha kutundika ukutani. Ni rekodi ya kielektroniki yenye namba, ambayo mwajiri mwenye leseni huitoa kwenye mfumo wa serikali. Ukitumiwa karatasi yenye muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu, mshukuru aliyeichora kwa kipaji chake, usimlipe. Tena ipo ada ya afya ambayo wahamiaji wengi hulipa, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024. Ni ada ya kweli, iko kwenye tovuti ya serikali, na tapeli hukuonyesha ukurasa wenyewe ili uamini. Asichokuambia ni kwamba mwenye viza ya wafanyakazi wa afya na huduma amesamehewa ada hiyo.

Nifike sasa kwenye sehemu inayoniudhi zaidi. Utapeli mbaya kuliko wote wa miaka hii haukuwa na viza bandia. Viza ilikuwa halali, kampuni ilikuwepo, leseni ya kudhamini ilikuwepo, na ndege ilipaa. Kilichokosekana ni kazi.

Februari 2022 Uingereza ilifungua mlango kwa wahudumu wa kulea wazee na wagonjwa majumbani. Haukuhitaji usajili wa NMC. Ghafla kampuni ndogo zilizokuwa na wateja wachache zikaanza kutoa udhamini kwa makumi ya watu, na mawakala kutoka Harare hadi Kerala wakaanza kuuza namba za udhamini ambazo kisheria mfanyakazi hapaswi kuzinunua. Watu wakauza viwanja. Wakachukua mikopo ya kausha damu. Wakafika, wakaambiwa subiri zamu. Wakapewa saa chache kwa wiki, au wasipewe kabisa, huku kodi ya chumba ikidaiwa kila Ijumaa. Serikali ya Uingereza ilipoanza kufuatilia, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na waajiri hao. Leseni ya mwajiri ikifutwa, mfanyakazi hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Fikirieni kutafuta mdhamini kwa siku 60 katika mji usioujua, mnashindania nafasi hizohizo maelfu kwa pamoja.

Machi 2024 wahudumu wapya wakakatazwa kuja na wake, waume na watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa: maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje ya Uingereza hayapokelewi. Lakini matangazo hayakufungwa. Bado yapo ya "care assistant UK, viza wiki sita", yenye picha ya bibi mzungu anacheka na binti mweusi aliyevaa sare. Yanayouzwa hapo hayapo duniani.

Na hata mlango ule ulipokuwa wazi, muuguzi mwenye leseni aliyeingia kwa kupitia huo alijishusha ngazi mwenyewe. Aliambiwa atapanda akiwa hukohuko. Wapo waliopanda, sikatai. Lakini ukifanya zamu za usiku, huna akiba, na viza yako iko mikononi mwa mwajiri anayekuhitaji ubaki chini, IELTS utaisoma saa ngapi?

Uarabuni njia ina majina mengine. Mpangilio ni uleule. Saudi Arabia, vyeti vyako huhakikiwa kwanza na kampuni ya DataFlow, ambayo huwasiliana na chuo ulichosoma, baraza lililokusajili na hospitali ulizofanyia kazi. Kisha unafanya mtihani wa Prometric, kisha tume yao ya taaluma za afya, SCFHS, inakupa daraja na usajili. Dubai wana mamlaka yao ya afya, DHA. Abu Dhabi wana idara yao. Qatar na Oman nao wana mitihani na uhakiki wao. Kwa hiyo nina swali moja tu la kumuuliza anayekupeleka Riyadh au Muscat kama nesi: DataFlow yangu imefunguliwa lini, na namba yake ni ngapi? Akibabaika, huendi kama nesi.

Utakwenda kama nani? Soma viza. Viza ya kazi ya Saudi huandikwa fani ya anayeingia, na iqama yako, yaani kibali cha ukaazi, itafuata fani hiyo. Kama hujui Kiarabu, mpelekee mtu anayekijua, ustadhi wa madrasa ya jirani anatosha, akusomee neno lililoandikwa hapo. Mwanamke mwenye stashahada ya uuguzi akiingia kwa viza ya mfanyakazi wa ndani, hospitali haiwezi kumchukua hata ikimtaka, na kubadilisha mwajiri kule si jambo la kuamka asubuhi ukafanya. Wakala atakuambia fani iliyoandikwa ni ya kupitia uwanja wa ndege tu. Hiyo ndiyo fani utakayoishi nayo.

Ujerumani nitaipita haraka. Lugha ni Kijerumani, kiwango cha B2 kwa muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu, na hakuna wakala anayeweza kukusomea. Kwa nchi zilizo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, yetu ikiwemo, kanuni zao haziruhusu mawakala binafsi kuja kuajiri wauguzi. Wana alama ya ubora ya uajiri wa haki, na kampuni yenye alama hiyo hairuhusiwi kumtoza muuguzi gharama za kuajiriwa. Kenya ilitia saini nao makubaliano ya ajira mjini Berlin Septemba 2024, na habari zikasambaa kwamba Wakenya 250,000 watachukuliwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza kusema idadi hiyo si kweli, mkataba hauna idadi yoyote. Kanusho halikusafiri mbali kama uvumi. Ni katika pengo hilo, kati ya habari ya kweli na idadi ya kubuni, ambapo ofisi za vyumba viwili hufunguliwa na fomu za maombi huuzwa.

Marekani, muuguzi wa kutoka nje huenda hasa kwa viza ya ukaazi wa kudumu, baada ya kufaulu mtihani wa leseni wa NCLEX na kuhakikiwa vyeti. Foleni yake hupimwa kwa miaka. Anayekuahidi Texas baada ya miezi miwili hauzi kazi.

Turudi nyumbani, maana wakala yuko hapa. Wapo mawakala waaminifu, na wanaumizwa na matapeli kuliko mnavyodhani. Kwetu pa kuuliza ni Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na ofisi ya Kamishna wa Kazi. Zanzibar ni Kamisheni ya Kazi. Kenya, mamlaka ya taifa ya ajira, NEA, huchapisha orodha ya mawakala wenye leseni. Uganda wizara yao ya jinsia na kazi hufanya vivyo hivyo. Ila msiishie kwenye leseni ya wakala. Leseni inasema kampuni imesajiliwa. Haisemi kwamba kazi anayokuuzia leo ipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na ofisa wa kazi kabla mtu hajasafiri. Wakala anayekimbia hatua hiyo kwa kisingizio cha kuchelewa ndege, mwache apande peke yake.

Wala msidhani muhuri wa serikali ni kinga. Kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Wazazi walilipa kwenye akaunti ya mfuko wa kaunti wenyewe, wengine baada ya kuuza ng'ombe na mashamba. Vyuo vya Finland vikalalamika kwamba ada haijafika, na mwaka 2023 wazazi wakaandamana Eldoret. Kesi zikafika mahakamani, na ni mahakama itakayosema nani ana hatia. Mimi natazama upande wa mzazi. Alilipa benki, akapewa risiti, na jina lililoandikwa lilikuwa la kaunti yake. Kitu pekee ambacho kingemwonya ni kuandikia chuo moja kwa moja na kuuliza: ada ya mwanangu mmeipokea?

Hilo ndilo zoezi ninalowaomba mlizoee. Jina la hospitali au chuo ulichotajiwa, litafute mwenyewe, ufike kwenye tovuti yake bila kubonyeza kiungo ulichotumiwa, uchukue namba ya simu pale, upige. Usipige namba iliyo kwenye barua, maana atakayepokea ni yuleyule aliyeiandika. Gharama ya simu ya dakika tano kwenda Leeds ni ndogo kuliko ada ya "kufungulia faili".

Usaili nao unasema mengi. Hospitali inayotaka muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi itakuuliza utafanya nini shinikizo la damu likianza kushuka saa nane usiku na daktari hapokei simu. Itakupa hesabu ya dripu. Itakuuliza kuhusu mgonjwa unayeshuku ananyanyaswa nyumbani. Watakuwa watu wawili au watatu, nyuso zao unaziona. Kama usaili wako wote ulikuwa meseji za WhatsApp, na swali gumu kuliko yote lilikuwa "unaweza kulipa lini", aliyekusaili hakuwa na wodi.

Na malipo: mjue nani anapokea. Ada ya baraza huenda kwa baraza kupitia akaunti yako, ada ya viza huenda kwa serikali husika au kituo chake cha maombi. Simu zetu huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Kampuni inadai iko Manchester, jina linalotokea ni la kijana wa Mbagala. Unahitaji ushahidi gani tena? Naona mnacheka. Wote tunaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na tunajiona wajanja kwa sababu hatutumi. Kazi hewa ni meseji ileile iliyovaa koti jeupe.

Tatizo ni kwamba koti hilo mara nyingi huletwa na mtu unayempenda. Kundi la WhatsApp la darasa lenu lina mtu ambaye tayari amelipa. Bado hajapigwa, au ameshapigwa na hajajua. Anasema mchongo ni wa uhakika, na hasemi uongo, kwa kadiri anavyojua. Pengine ameahidiwa punguzo akileta watatu. Msimchukie, lakini msimfuate pia. Muulizeni maswali mawili: umeshapata namba ya usajili ya baraza la kule, na je, umeongea na mwajiri kwa simu uliyoitafuta mwenyewe?

Vyeti halisi na pasipoti yako havitoki mkononi mwako. Nakala zikihitajika, zipandishe mwenyewe kwenye mfumo rasmi. Nakala ya leseni yako mikononi mwa mtu baki inaweza kutumika kumwombea kazi asiye muuguzi, na siku akimdhuru mgonjwa, jina litakalotafutwa ni lako.

Kuna pia mitego iliyo ndani ya mikataba ya waajiri wa kweli. Wapo wanaoweka kifungu kwamba ukiondoka kabla ya miaka miwili au mitatu unarudisha gharama. Gharama halisi za haki, zinazopungua kadiri unavyokaa, ni jambo la kujadiliana. Faini kubwa ya kukufunga ni kitu kingine: mwaka 2019 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba kuwadai wauguzi wa Kifilipino dola 25,000 kila mmoja wakiacha kazi kulivunja sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu. Soma mkataba wote kabla ya kusaini, pamoja na saa za kazi, makazi na nani analipa tiketi. Ukifika ukapewa mkataba mwingine tofauti, ule wa kwanza uwe umeubakiza kwa mtu nyumbani.

La mwisho ni kwa wale ambao wakati nazungumza wamejiinamia. Najua mpo. Aibu ya kutapeliwa kwa msomi ni kubwa, maana kijiji kizima kilichanga. Lakini aibu hiyo ndiyo inayompa tapeli mteja anayefuata. Kama fedha zimetoka leo, piga kampuni ya simu au benki sasa hivi waombe wazuie, kabla hazijatolewa kwa wakala wa fedha za simu. Usifute mazungumzo, piga picha za skrini, hifadhi namba, risiti na majina yote, nenda polisi ukachukue namba ya taarifa. Toa taarifa kwa baraza lako pia, hasa kama ulituma nakala za leseni. Na jihadhari na atakayekupigia wiki mbili baadaye akisema anaweza kukurudishia fedha zako kwa ada kidogo. Mara nyingi ni walewale.

Kwa walioko ng'ambo tayari na mambo yamewaharibikia: kutapeliwa katika kuajiriwa si kosa lako la jinai, na kunyang'anywa pasipoti ni kosa la anayeinyang'anya. Mlioko Uarabuni, anzieni ubalozini. Mlioko Uingereza, kama mmejiunga na chama cha wauguzi, RCN, au chama cha wafanyakazi cha UNISON, hao wana washauri wanaozijua sheria za kazi na uhamiaji. Jiungeni wiki ya kwanza mnayofika, kabla hamjawahitaji, kwa sababu msaada wa kisheria wa vyama hivyo kwa kawaida haugusi mgogoro ulioanza kabla hujawa mwanachama.